Nani Atatusomea?

Mvua inayonyesha Igunga haifiki baharini. Maji huteremka mbuga ya Wembere, huingia ziwa Kitangiri, hutoka kwa mto Sibiti na kuishia ziwa Eyasi, bondeni, mahali pasipo na njia ya kutokea. Kwenye ncha ya kaskazini ya Eyasi ndipo ilipo Mangola. Huko, miaka ya mwanzo ya 1960, walifika watafiti wa msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Umesao Tadao na Tomikawa Morimichi walijishughulisha na Wadatoga, ambao huku kwetu tumezoea kuwaita Wataturu. Mwenzao Wazaki Yoichi akavutwa na wakulima wa pale, watu wa makabila mbalimbali waliohamia kufuata ardhi na maji, wakawa majirani kwa sababu ya Kiswahili. Mwaka 1977 alitoa kitabu juu ya maisha ya hao Waswahili wa bara. Mwaka 1980 akatoa kamusi ya Kiswahili na Kijapani.

Ninaandika nikiwa Choma. Nasema Choma cha Nkola, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, msafiri asije akapotelea Zambia, ambako nako kuna Choma yao. Njia kuu ya misafara ya zamani ilipita kusini yetu, ikitoka Ugogo, ikikata Mgunda Mkali, ikifika Tura na hatimaye Tabora. Kwetu ni pamba, mpunga, dengu na ng'ombe. Chuo kikuu hakuna, na mwenye hamu ya maktaba ya maana hana budi kupanda basi. Lakini jirani zetu, tunaochangia nao bonde moja la maji, wamo vitabuni Kyoto, kwa lugha ambayo sijapata kumwona mtu wa wilaya hii akiisoma.

Ndiyo maana habari za kuzorota kwa masomo ya Kijapani katika vyuo vya nje ya Japani zimenigusa kama habari za msiba wa ukoo. Najua linaonekana jambo la kuchekesha. Mkulima wa pamba anayelia bei na viuatilifu ana haja gani na idara ya Kijapani huko Ulaya? Nivumilie kidogo.

Taaluma hiyo ina umri mkubwa. Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilimpa Johann Joseph Hoffmann uprofesa wa Kijapani mwaka 1855, miaka miwili kabla Burton na Speke hawajakanyaga Kazeh, yaani Tabora. Ilikwenda kwa kusuasua kwa miaka mingi. Kisha Japani ikatajirika, magari na redio zake zikaenea mpaka kwenye maduka ya Nzega, na kila chuo kikawa kinataka mtu wa kufundisha Kijapani. Mwaka 1972 serikali ya Japani iliunda Japan Foundation, mfuko wa kusaidia masomo hayo duniani. Miaka ya 1990 uchumi wa Japani ukakwama, macho ya wakubwa yakageukia China, na wahasibu wa vyuo wakaanza kuhesabu vichwa darasani. Uingereza, Chuo Kikuu cha Durham kilitangaza mwaka 2003 kwamba kitaifunga idara yake ya Asia ya Mashariki, na miaka minne baadaye ikawa imekwisha. Huko Leiden kwenyewe, mwishoni mwa 2024, fedha zilipopungua, kulitolewa pendekezo la kufuta shahada ya kwanza ya masomo ya Afrika, na la kuzitia shahada za Kijapani, Kichina na Kikorea katika kapu moja la Asia. Walimu na wanafunzi walipinga kwa nguvu. Zingatia tu kwamba sisi na Wajapani tulitajwa katika karatasi moja ya kupunguza matumizi.

Ajabu ni kwamba vijana wanaotaka kujifunza Kijapani hawajakwisha. Wapo wengi, wameletwa na katuni na michezo ya kompyuta. Wanaopungua ni wale wanaovumilia miaka kumi ya kujifunza herufi, maandishi ya kale na lahaja, mpaka mtu akaweza kuchukua kitabu cha mtaalamu wa Kyoto cha mwaka 1970 na kitu na kukuambia kilichomo. Hao ndio tunaowahitaji sisi.

Tuwahitaji kwa nini? Twende Utongwe.

Ukitoka Tabora kwa ile njia ya misafara kuelekea Ujiji, unafika Uvinza kwenye chumvi, na kusini yake, mpaka milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, ndiyo nchi ya Watongwe. Ni kabila dogo. Waliishi msituni, miombo mitupu, katika vijiji vya nyumba chache, kijiji hiki na kile vikitenganishwa na mwendo mrefu wa miguu. Mwaka 1965 Nishida Toshisada wa Kyoto alipiga kambi Kasoge, chini ya Mahale, kuwachunguza sokwe. Alipanda miwa, sokwe wakaizoea, naye akapata kuwaona kwa karibu. Lakini mtu aliyemwongoza porini, aliyejua nyayo na kinyesi na mti upi unaliwa majani na upi unaliwa maganda, alikuwa Mtongwe. Ikabidi kila mmea uandikwe kwa jina la Kitongwe kwanza, ndipo utafutiwe lile la kisayansi. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Uehara Shigeo walichapa orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe katika jarida la Kyoto.

Orodha ile ilikuwa ni kazi ya sokwe: haja ilikuwa kujua mnyama anakula nini. Lakini leo, mjukuu wa Kitongwe akitaka kujua babu yake aliuitaje mti fulani, rejea yake ni chakula cha sokwe. Sijui kama nicheke.

Nyuma ya Nishida akaja Kakeya Makoto, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huyu hakuja kwa ajili ya wanyama. Alitaka kujua Mtongwe anaishije. Alipima mashamba, alipima chakula, akaona kwamba watu wale walilima kiasi cha kuwatosha tu, wala hawakujitesa kwa zaidi. Kisha akaona kwamba sehemu kubwa ya chakula hicho cha kutosha kililiwa na wageni, na mwenye nyumba aliyepungukiwa naye alifunga safari kwenda kula kwa wenzake. Aliyejilimbikizia aliogopa kijicho, na nyuma ya kijicho aliogopa uchawi. Kwa hiyo chakula kilizunguka, na hofu nayo ilizunguka na chakula. Kakeya aliyafuata hayo mpaka mlangoni kwa waganga, na hakuishia mlangoni: aliingia, akafundishwa, akawekwa kuwa mfumu. Profesa mtarajiwa wa Kijapani, mganga wa Kitongwe.

Mambo mengi aliyofundishwa aliyaandika Kijapani. Ilikuwa haki yake, ndiyo lugha yake, na ndiko kwa wasomaji wake. Huku nyuma, Operesheni Vijiji ya 1974 iliwaondoa watu milimani na kuwapanga pembeni mwa ziwa. Mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa, na hakuna tena Mtongwe anayelima pale. Waganga wale wamekufa. Nishida alifariki 2011, Kakeya 2013. Ukoo mzima wa maarifa umehama kutoka vinywani mwa watu wa milima ile ukaenda kukaa kwenye karatasi za Kijapani, na sasa karatasi zile nazo zinakosa wa kuzisoma.

Hapo ndipo ninapoliona jambo hili kuwa la msiba. Tumezoea kusema kwamba mzee akifa ameondoka na maktaba yake, tukasikitika, tukala ubwabwa wa matanga, tukatawanyika. Hatujazoea kufikiri kwamba maktaba yenyewe nayo inaweza kufa ikiwa imesimama, vitabu vyake vimepangwa, vumbi limefutwa, taa zinawaka.

Nimejaribu kufikiri habari zetu wenyewe, Wanyamwezi, ziko wapi. Wamoravian walifika Urambo mwaka 1898, wakashika kituo cha wamisionari wa London. Mmoja wao, Edmund Dahl, alitunga kamusi ya Kinyamwezi kwa Kijerumani, ikatoka 1915, wakati dunia imeshaanza kuchinjana. Mwingine, Wilhelm Blohm, alichapa Hamburg kati ya 1931 na 1933 kitabu kikubwa cha mafungu matatu: nchi na uchumi, jamii na imani, na fungu la tatu maelezo yaliyotolewa kwa Kinyamwezi chenyewe. R. G. Abrahams wa Cambridge alikuja miaka ya mwisho ya ukoloni, akaandika juu ya utawala wa watemi kitabu kilichotoka 1967, wakati utemi wenyewe umeshafutwa na serikali ya uhuru. Akarudi tena, na sungusungu walipozuka huku kwetu kuwasaka wezi wa ng'ombe akawa miongoni mwa wa kwanza kuwaandikia, mwaka 1987. Per Brandström wa Uppsala aliuliza mwaka 1986 swali ambalo hapa Igunga tunaulizana kila siku kwenye vilabu vya pombe: nani ni Msukuma na nani ni Mnyamwezi? Na sarufi ya Kinyamwezi iliyo bora kuliko zote ninazozijua, ya Mtanzania Clement Maganga pamoja na Thilo Schadeberg wa Leiden, ilichapwa Köln mwaka 1992. Kwa Kiingereza.

Basi hesabu mwenyewe: Kijerumani, Kiingereza, na Leiden ileile ya kapu moja.

Nilikuwa na baba mdogo aliyetunza kaunta buku. Alikuwa amesoma madarasa manne ya mkoloni, na mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama askari wa gwaride. Humo aliandika kila kitu bila mpango: ng'ombe na rangi zao na nani alipewa wa mahari, bei ya pamba, orodha ya watemi kama alivyoipokea, dawa ya tumbo la mtoto, majina ya miaka. Miaka yake haikuwa na namba. Ulikuwako mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa kuhamishwa. Alipofariki tulikaa matanga, tukagawa vitu, nikasahau kuulizia lile daftari. Nilipolikumbuka lilikuwa limekwisha. Karatasi yake ilikuwa nyepesi, nzuri kwa kusokotea tumbaku, na vijana wa nyumbani waliisokota moja moja mpaka jalada. Nilipewa jalada na karatasi nne. Moja imebaki na safu ya majina ya ng'ombe, nyingine ina mstari mmoja tu, kwamba leo lori limebeba mlango wa nyumba ya mama. Mlango peke yake. Huo ndio mwaka wa kuhamishwa, na sasa hakuna wa kunieleza kwa nini walichukua mlango wakaacha nyumba, ingawa nadhani najua: mbao zilikuwa za mninga.

Sikuwalaumu vijana. Hawakujua kuwa kile ni kitabu.

Miezi kadhaa baadaye mtoto wa dada yangu, aliyepata masomo Ujerumani, alinitumia kwenye simu picha za kurasa za Blohm. "Mjomba," akaandika, "hii si ndiyo habari yenu?" Nilijaribu programu ya kutafsiri. Kijerumani ilikitafuna ikanipa sentensi zilizovunjika mbavu, na kila ilipofika kwenye maneno ya Kinyamwezi iliyaruka. Nikauacha uchumi, nikaenda kwenye fungu la tatu, lile la maelezo kwa lugha yetu. Tahajia ni ya Wajerumani wa zamani, ikabidi nisome kwa sauti, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama alikuwa anachambua michembe mlangoni. Hajui kusoma. Nilipokwama katikati ya sentensi alinimalizia, bila kuinua macho.

Nikasoma nyingine, akasahihisha matamshi. Ya tatu akaikataa: hao ni watu wa magharibi, wa Urambo huko, sisi hatusemi hivyo. Kisha akauliza, "Nani aliyasema maneno haya?"

Ni swali ambalo hakuna simu itakayolijibu. Kulijibu anahitajika mtu anayesoma Kijerumani cha miaka ile, anayejua Wamoravian walivyofanya kazi na wasaidizi wao, anayekijua Kinyamwezi na tofauti ya Urambo na Igunga, na mwenye subira ya kufungua majalada ya misheni. Mtu wa namna hiyo hazaliwi. Hutengenezwa kwa miaka mingi, kwa fedha ya mtu fulani, chini ya mwalimu ambaye naye alitengenezwa hivyo. Mnyororo huo ndio unaoitwa taaluma. Ukikatika kiungo kimoja, hata miaka ishirini tu, hautaungwa kwa kununua vitabu upya, kwa sababu vitabu havikupotea.

Na sisi tulikuwamo katika mnyororo huo tangu zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za mashariki, kilichokuwa na Kijapani na Kichina na Kiarabu na Kiswahili, kuwaandaa wanadiplomasia, wafanyabiashara na maofisa wa makoloni. Mwaka 1900 alifika hapo kufundisha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mji ambamo wapagazi wa Kinyamwezi walitua mizigo yao baada ya miezi ya kutembea. Mwaka huohuo alifika Iwaya Sazanami, mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto wa Japani, akafundisha Kijapani mpaka 1902. Chuo kimoja, mji mmoja wenye baridi, Mswahili na Mjapani, kila mmoja akiwakilisha lugha yake mbele ya wanafunzi walioona kuwa ulimwengu ni mali yao. Iwaya alirudi kwao, akaendelea kuandika, akaheshimiwa. Mtoro, ambaye kazi yake ndiyo msingi mkubwa wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alioa Mjerumani, na alipotaka kurudi nyumbani mwaka 1905 pamoja na mkewe serikali ya koloni ilimkatalia kushuka Dar es Salaam. Akarudishwa. Alifia Berlin mwaka 1927. Chuo chenyewe kiligeuzwa na Wanazi miaka ya 1930 na jina lake likafutwa.

Velten huyohuyo alitoa sarufi ya Kinyamwezi mwaka 1901. Kwa hiyo hatuwezi kujidai kwamba hatukuwa na sehemu katika masomo ya Berlin.

Wako watakaosema: na ife! Chuo kilichofundisha maofisa wa kodi na viboko, kiende. Maneno hayo nayaheshimu. Hans Cory, Mwaustria aliyekusanya habari za Wasukuma na Wanyamwezi kuliko yeyote wa wakati wake, ngoma za waganga wa nyoka, michoro ya kuta zao, vinyago vya udongo, alikuwa mwajiriwa wa serikali ya Waingereza, na serikali ile ilitaka kujua sheria za watu ili iwatawale kwa gharama ndogo. Nia ya mwajiri wake haikuwa njema. Lakini karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zinashikika, na mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuzifungua kesho, akazisoma kwa jicho lake, akagombana nazo. Tofauti ya Cory na Kakeya kwangu mimi haiko kwenye nia. Kakeya alikuwa na nia njema kuliko Cory mara kumi. Tofauti ni kwamba Cory naweza kugombana naye.

Mtu aliyehifadhiwa nafaka katika kihenge cha jirani hasemi jirani ni mwizi. Anachotakiwa kujua ni njia ya kwenda huko, na saa ya kupiga hodi.

Hili la kutojua njia ni letu. Serikali ya uhuru ilitaka taifa moja, ikachagua Kiswahili, na ilichagua vizuri. Mimi mwenyewe ninaandika kwa Kiswahili, sina nyingine ya kuandikia. Lakini tulichukulia kwamba ili Kiswahili kikue lazima Kinyamwezi kinyamaze, shuleni, redioni, hata kwenye vitabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mradi wa lugha za Tanzania mwaka 2001, ukazaa misamiati kadhaa na atlasi ya mwaka 2009, fedha zilitoka Sweden. Nawashukuru Waswidi. Ila naona kila mara tunangoja mtu wa mbali atuonee uchungu wa vitu vyetu kwanza, ndipo nasi tujitokeze kumwonyesha njia.

Na wanaokwenda Japani? Wako. Kila mwaka vijana wa Kitanzania hupata ufadhili wa serikali ya Japani, na wengi hurudi wahandisi, wataalamu wa kilimo, watu wa sera. Ni jambo jema, barabara zinahitaji wahandisi. Wengi hujifunza Kijapani cha dukani na cha kituo cha treni, kwa sababu shahada yenyewe inafundishwa kwa Kiingereza. Wanapita mbele ya maktaba za Kyoto ambamo babu wa mtu fulani wa Uvinza anaeleza jinsi ya kuuchimba mzizi, na hawajui kuwa yumo.

Msomi wa Ulaya anayelia kwamba idara yake ya Kijapani inafungwa anapoteza kazi, na namwonea huruma. Akikosa wanafunzi, Japani haitapotea. Ina watu zaidi ya milioni 120 wanaojisoma wenyewe. Watongwe hawana hao. Wanyamwezi tuko wengi, lakini katika suala la Blohm na Dahl hali yetu ni ileile ya Watongwe. Hasara ya kufungwa kwa madarasa yale ikigawanywa, fungu zito litatua huku, kwa watu ambao hawakuulizwa wala hawana habari.

Sitaki makumbusho mapya, maana najua yanavyojengwa, yakazinduliwa, kisha yakageuzwa stoo ya viti vya sherehe. Nataka watu wachache. Kwa kuanzia, Wizara ya Elimu na vyuo vyetu viombe kwamba kati ya nafasi za ufadhili wa Japani, moja au mbili zitengwe kwa ajili ya mtu wa historia au isimu atakayepewa muda wa kujifunza Kijapani cha kusomea vitabu. Aanze na Kyoto wakati wanafunzi wa Kakeya na Nishida wangali hai na wanaweza kumwonyesha lililo kwenye daftari na halikuchapwa. Wajerumani nao waombwe hivyohivyo kwa ajili ya Blohm.

Na wewe kijana wa Igunga, Uvinza au Mpanda uliyepata barua ya kwenda Japani mwaka huu, usome uhandisi wako. Jumamosi moja, nenda maktaba, ulizia kitabu cha Wazaki cha 1977, na maandishi ya Kakeya juu ya Watongwe. Piga picha jalada na yaliyomo, mtafute mwenzako Mjapani anayejua Kiswahili, kaeni mtafsiri kurasa tano, mzilete. Wajukuu wa waliomfundisha Kakeya wanasoma Kiswahili. Kurasa tano zinatosha kwa mwanzo.